Sterio: mwimbaji anayekaa pasipo na spika

Ingia sebule nyingi za Nkuhungu au Area C, mitaa ya Dodoma, utaikuta sabufa chini ya TV, na spika zake mbili ndogo zimepandishwa juu yake, bega kwa bega, au zote zimesukumwa kona moja ili watoto wasivute waya. Mwenye nyumba atakwambia ana sterio. Spika mbili anazo, sterio bado.

Neno hili asili yake ni Kigiriki, stereos, kitu kigumu chenye umbo. Umbo ndilo linalotafutwa. Wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, fumba macho mbele yao: bado utajua ngoma ipi iko kushoto na ipi kulia, kwa kuwa masikio ni mawili. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza njia ya kuihifadhi hali hiyo mwaka 1931.

Kwa hiyo spika mbili za sterio hazisemi maneno yaleyale. Gitaa la solo huenda limeegemezwa upande huu, la rithimu upande ule, naye mwimbaji kagawiwa zote mbili kwa usawa. Sauti yake ikikufikia kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile, ubongo humweka katikati, pale ukutani juu ya TV, ambapo hakuna spika. (Wimbo uliorekodiwa mono, yaani spika zote mbili zinapewa sauti ileile, utabaki katikati wote, usiilaumu sabufa yako.)

Lakini hutokea hivyo ukikaa mahali pake tu, nako ni ncha ya tatu ya pembetatu. Spika zikiachana mita 2, kaa mita 2 kutoka kila moja. Pima hata kwa kamba ya kuanikia. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, hivyo ukihama hadi spika moja ikawa karibu zaidi kwa sentimita 34, sauti yake inatangulia kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo mwimbaji ameshahamia ndani ya spika hiyo. Mgeni wa kochi la pembeni anasikia wimbo vizuri tu, ila sterio imempita.

Spika ndogo ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, hata juu ya stuli. Boksi la besi liache lilipo, maana sauti nzito sana sikio halijui inatoka wapi, ila likivuma kupita kiasi litoe kona.

Kazi kubwa ni chumba. Nyumba zetu mpya ni marumaru chini, jipsamu juu na vioo vya alumini ubavuni, na kila kimoja kinairudisha sauti ikiwa imechelewa kidogo, mwimbaji akavurugika. Zulia mbele ya kochi na pazia zito husaidia kuliko kuongeza volyumu. Na kochi lenyewe livute nusu mita kutoka ukutani, besi hujazana pale. Kwangu hurudishwa ukutani kila wageni wanapokuja.

Ukimaliza, fumba macho, weka wimbo, nyoosha kidole aliko mwimbaji. Fumbua. Kidole kikiwa kimeelekea spika, sogea kidogo upande wa pili, rudia.