Rebecca hakuwa mwanamke, wala ugomvi haukuwa wa mageti tu

Wengi husimulia kwamba Rebecca alikuwa mama mmoja aliyeongoza wakulima wa Wales kuvunja mageti ya ushuru wa barabara. Sivyo. Lilikuwa jina la kazi, linalohusishwa na Mwanzo 24:60 katika Biblia, ambapo Rebeka anabarikiwa kwamba uzao wake umiliki lango la adui zake, nao wanaume kadhaa walilivaa pamoja na magauni, nyuso zimepakwa masizi. Geti la Efailwen lilivunjwa Mei 1839. Ushuru uliuma hasa kwenye chokaa: mkulima aliifuata mbali ili kupunguza asidi ya udongo, akilipa geti baada ya geti. Lakini Juni 1843 umati ulivamia nyumba ya maskini ya Carmarthen, ambako wahitaji walihifadhiwa kwa kufanyishwa kazi, na hiyo haikuwa geti! Zaka ya kanisa iliyolipwa kwa fedha taslimu na kodi za mashamba ziliwakera vilevile. Sheria ya 1844 ilipunguza ushuru wa chokaa kwa nusu. Zaka ikabaki palepale.