Masika, mbao na bunduki: yanayosemwa Tanga kuhusu kukalisha mtambo kwa epoksi

Masika ikiingia Tanga milango inagoma kufunga, droo hazivutiki, na mwenye bunduki ya bolti, ile unayovuta komeo la chuma kwa mkono kila risasi, anashangaa: risasi iliyokuwa ikipiga katikati ya shabaha mwezi wa pili sasa inapiga kando. Analaumu darubini. Mara nyingi mkosaji ni mbao iliyonyonya unyevu na kuusukuma mtambo, yaani kile chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, ulioikalia. Ndiyo maana baadhi ya wawindaji hutandika epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, chini ya mtambo, ukae palepale kila risasi. Kazi yenyewe si kubwa. Maneno ndiyo mengi.

“Mbao ngumu haitembei.” Kamuulize seremala yeyote wa Ngamiani. Mvule, mninga, hata mtiki wa Longuza uliosifika kwa utulivu, zote hujaa na kunywea, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Vanishi huuchelewesha unyevu tu. Tena kwenye vitako vingi, yaani mbao za bunduki, vanishi imepakwa nje, na ndani, pale chuma kinapolala, mbao iko uchi.

“Mjerumani alipigana hapa Tanga 1914 bila gundi.” Hii naipenda, ila haisaidii. Askari wengi wa upande wake siku zile walibeba bunduki kuukuu za baruti yenye moshi. Na Mauser ya 1898, babu wa bunduki nyingi za bolti za leo, ilipitishiwa pini ya chuma ndani ya mbao ili kupokea teke, msukumo wa nyuma risasi inapotoka. Waliojua kazi yao hawakuiamini mbao peke yake.

“Ikicheza, kaza skrubu.” Ukikaza kupita kiasi unaponda mbao, na kama kikao hakiko sawa unaupinda mtambo. Pima hivi: hakikisha haina risasi, toa bolti, simamisha bunduki, weka kidole pale ncha ya mbao inapokutana na mtutu, kisha legeza polepole skrubu ya mbele. Kidole kikihisi mtutu unaruka, mtambo ulikuwa umepindwa. Mbao inayopondeka hutiwa mirija mifupi ya alumini kwenye matundu ya skrubu, chuma kikazwe juu ya chuma.

“Jaza gundi kila mahali.” Hapa ndipo wengi huharibu. Chini ya mtambo kuna jino nene linalosukuma mbao bunduki inapopiga teke. Uso wake wa nyuma ndio unaotakiwa kubana. Mbele, pembeni na chini yake bandika selotepu kabla ya kumwaga epoksi, ili ikitolewa ibaki nafasi ndogo. Mtutu nao, kwa bunduki nyingi, uachwe huru: noti ipite kati yake na mbao bila kukwama. Zipo chache zilizoundwa makusudi ziegemee ncha ya mbao. Hizo zijaribu kwanza kabla ya kukwangua.

Epoksi ya dakika tano iache kwa vikombe vilivyovunjika. Tumia inayokauka polepole, na kumbuka joto letu huiharakisha, changanya alfajiri.

“Itaponya bunduki yoyote.” Haitaponya mtutu uliolika, mdomo wake uliogongwa, wala darubini iliyolegea. Anza na hivyo.

“Bunduki ni yangu, nampa fundi yeyote.” Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kumiliki ni jambo moja, kutengeneza silaha za watu ni jingine lenye leseni yake. Seremala mpelekee maswali ya mbao, bunduki ibaki kwako.

“Mafuta ya kupikia yanatosha kuzuia epoksi isigande kwenye chuma.” Hayatoshi. Paka nta au rangi ya viatu mara mbili, kila chuma kitakachoguswa, na ziba matundu kwa plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto. Ukisahau sehemu ndogo ikashika, usiku mmoja kwenye friza mara nyingi huiachisha, kama mwenye samaki atakubali. Epoksi ikishaingia tundu la pembeni na kukauka kama ndoana, hata friza haisaidii, utatindua mbao.