Ukubwa wa heda za ekzosi: dhana potofu na ukweli kuhusu mabomba mapana

Dhana iliyozagaa kuliko zote miongoni mwa wapenzi wa magari yenye kasi ni kwamba heda, yaani seti ya mabomba yanayotoa moshi kutoka kila silinda ya injini, zikiwa na mabomba mapana zaidi huipa injini nguvu zaidi, kwa kuwa moshi hupita bila kubanwa. Kinachosahaulika ni kwamba moshi hautiririki mfululizo, bali hutoka kwa mapigo, na kila pigo linalokimbia kwa kasi huacha nyuma yake shinikizo la chini linalovuta mabaki ya moshi, na hata kuanza kuingiza hewa mpya katika kile kipindi kifupi ambapo vali zote mbili za silinda, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, ziko wazi. Bomba likiwa pana kupita kiasi kasi hiyo hupungua, na mvuto hudhoofika hasa injini inapozunguka polepole.

Tuchukue injini ya V8 ya Chevrolet yenye lita 5.7, iliyoanza kutumika kwenye Camaro ya mwaka 1967. Heda zake zilizozoeleka zina mabomba ya milimita 41, lakini wengi hukimbilia ya milimita 44 au hata 48. Tofauti ya milimita tatu huonekana ndogo, ilhali njia ya moshi hupanuka kwa takriban asilimia 17 kwenye bomba la kati, na asilimia 35 kwenye lile kubwa. Kanuni moja ya makadirio ya wajenzi wa injini nchini Marekani huoanisha eneo la ndani la bomba na ujazo wa silinda moja, na kwa injini hii huweka kilele cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha ya injini, karibu na mizunguko 3,700 kwa dakika kwa bomba dogo, 4,300 kwa la kati na 5,000 kwa kubwa. Gari la barabarani huishi chini ya mizunguko 4,000, kwa hiyo bomba dogo ndilo linalolifaa, hata kama lile kubwa linapendeza zaidi kwa macho. La milimita 44 hustahili nafasi pale kamshafti (mhimili unaofungua vali) na vichwa vya silinda vimeandaliwa kwa mizunguko ya juu.

Wapo wanaoegemea upande wa pili na kudai kwamba injini huhitaji moshi uzuiwe kidogo ili ipate nguvu. Huo nao si ukweli, kwani shinikizo linalorudi nyuma huilazimisha pistoni kutumia nguvu kuusukuma moshi, na sehemu ya moshi huo hubaki silindani na kuchukua nafasi ya hewa safi. Nadhani dhana hii hudumu kwa sababu mtu aliyefunga mabomba mapana akapoteza torki ya chini, kisha akarudi kwenye membamba na kuipata tena, huamini kwamba kizuizi ndicho kilichomsaidia, kumbe kilichorudi ni kasi ya moshi.

Si kweli pia kwamba kipimo kinachotajwa dukani ni upana wa njia yenyewe, kwa kuwa mabomba hupimwa kwa nje. Bomba la milimita 41 lenye ukuta wa milimita 1.65 lina njia finyu kwa takriban asilimia nne kuliko lenye ukuta wa milimita 1.24.

Injini yenye turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi ili kisukume hewa zaidi ndani ya injini, haifuati hesabu hizi, maana kwayo moshi unatakiwa kufika kwenye turbini ukiwa bado na joto na kasi, na kwa sababu hiyo mabomba mapana mno huchelewesha turbo kuamka.

Mwisho, wengi hudhani kwamba kazi huisha heda zikishafungwa. Injini inayopumua vizuri zaidi huhitaji mafuta kulingana na hewa inayoingia, hivyo kwenye gari la kabureta jeti, yaani vitundu vinavyopima mafuta, hukaguliwa na kubadilishwa inapobidi, la sivyo mchanganyiko huweza kupungukiwa mafuta, na hali hiyo gari linapobebeshwa mzigo mkubwa huweza kutoboa pistoni.