Uchoraji wa kisimulizi: mtoto anayekubaliwa na mtoto anayetengwa

Uchoraji wa kisimulizi ni uchoraji unaosimulia kisa kwa picha moja isiyosonga: mchoraji huteua tukio moja na kulipanga hivi kwamba mtazamaji aweze kukisia kilichotangulia na kitakachofuata. Kwa kuwa hana maneno, husimulia kwa mahali alipomsimamisha kila mhusika na kwa nafasi aliyoiacha kati yao. Nchini Marekani, uchoraji huu umetumiwa pia kuonyesha nani anahesabiwa kuwa mwenzetu na nani anatengwa, na si mara chache anayeubeba uzito wa kisa ni mtoto.

Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, ni mchoro wa Norman Rockwell uliochapishwa na jarida la Look mnamo Januari 1964. Msingi wake ni tukio la kweli: tarehe 14 Novemba 1960, Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka 6, alianza masomo katika shule ya William Frantz mjini New Orleans, iliyokuwa ya wazungu pekee, akisindikizwa na maafisa wanne wa serikali ya shirikisho huku umati ukimzomea. Rockwell amemvika gauni jeupe, akampa rula na penseli, kisha akaikata picha kwenye mabega ya maafisa, hata uso unaoonekana ukawa wa mtoto peke yake. Umati haumo. Zimebaki alama zake tu, yaani tusi la kibaguzi ukutani na nyanya iliyopasukia hapo, na mtazamaji anajikuta amesimama pale pale waliposimama wazomeaji.

Kutengwa huweza kuanzia hata kwenye turubai. Rockwell alichorea jarida la Saturday Evening Post kwa miaka 47, na baadaye alieleza kwamba aliwahi kuagizwa kumwondoa mtu mweusi katika mchoro, kwa kuwa jarida hilo liliruhusu weusi waonyeshwe wakiwa watumishi tu.

Katika mchoro wake wa mwaka 1967, watoto wawili weusi waliohamia mtaa wa wazungu karibu na Chicago wamesimama mbele ya lori la mizigo, wakitazamana na watoto watatu wazungu wa mtaa huo. Katikati pana nafasi ambayo bado haijavukwa na yeyote. Dirishani, nyuma yao, mtu mzima anachungulia. Lakini katika kila kundi kuna mvulana mwenye glavu ya besiboli.