Kuchakata ishara si kuukimbiza mwanga

Juzi barazani Wete, tunachambua karafuu, mpwa wangu kasema tena: faiba, ule waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, ina mbio kwa sababu "wanauchakata mwanga kidijitali". Nimeshalisikia mara nyingi mno, leo niliseme.

Maana yenyewe fupi. Uchakataji wa ishara kidijitali ni kuipima ishara mara mabilioni kwa sekunde, kuandika kila kipimo kwa tarakimu, kisha kuzipigia hesabu tarakimu hizo. Kazi hiyo hufanywa na chipu kwenye ncha za waya, ishara ikiwa bado ni umeme au imesharudi kuwa umeme. Mwanga hauguswi. Ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, chipu iwepo isiwepo. Mawimbi ya redio hewani yanaushinda: hayo ni karibu 300,000!

Linalonikera hasa ni hilo "kuchakata". Mkonge ndio unaochakatwa: jani linapondwa, linakwanguliwa, zinabaki nyuzi. Mtu akisikia hivyo atadhani na mwanga unasagwa. Mimi ningesema kuchambua. Tazama rundo hili: karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, vimeshuka mtini pamoja, vidole ndivyo vinavyovitenga. Na "dijitali" asili yake ni Kilatini, digitus, yaani kidole, maana watu walihesabia vidole. Kwa hiyo bibi yake aliyekaa pale mkekani ni dijitali kuliko simu yake.

Chipu inatenga nini? Rangi za mwanga, hata zikikaribiana vipi, haziendi sawa ndani ya kioo. Ni resi ya ngalawa: zinaondoka mstari mmoja, zinafika zimetawanyika, za kundi la nyuma zishaingia katika la mbele. Ila mtawanyiko wa kioo una kanuni, ukijua urefu wa waya unakirudisha kila chombo mahali pake kwa hesabu tu. Zamani walifunga mabobina ya waya maalumu kuunyoosha. Chipu ilipoichukua kazi hiyo, miaka ya 2010, wakaweza kupakia data katika nguvu ya mwanga, katika awamu yake (wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake), na katika mitetemo yake ya pande mbili kwa mpigo. Shehena ikaongezeka, mwendo ule ule.

Basi mwanangu, video ikifunguka upesi, sema njia imebeba mengi. Na hilo konyo uliloliacha kwenye karafuu, litoe.