Mbaazi za 2017 hazikuuawa na ushuru wa kinga

Wiki iliyopita nilikuwa Nachingwea, kwenye ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika, nikieleza mambo ya soko la nje. Sijafika hata nusu ya maelezo, mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwanangu, hayo tunayajua. Wahindi walitupiga ushuru wa kinga mwaka 2017, mbaazi zikafa. Na sisi tuwapige wa kwetu." Ghala zima likapiga makofi. Maneno hayohayo nimeshayasikia Masasi, Ruangwa na Newala, na kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi asubuhi ile alikuwa nayo pia. Nimechoka kuyajibu mmojammoja.

Kilichotokea 2017 hakikuwa ushuru wa kinga. Machi mwaka ule India iliweka ushuru wa kawaida wa forodha wa asilimia 10 kwenye mbaazi. Agosti ikaja na ukomo wa kiasi: tani 200,000 kwa mwaka, zikitimia mlango unafungwa. Ukomo huo uliendelea hadi 2021. Huku kwetu Agosti ndiyo mbaazi ziko uwanjani, zinapurwa. Waliokuwa wamekopa fedha za palizi kwa kutegemea bei ya mwaka uliotangulia, mnajua wenyewe yaliyowakuta.

Mzee akanijibu kwamba aliyegongwa na nyoka haulizi rangi yake. Kweli, haulizi. Ila mganga anauliza, maana dawa hazifanani.

Ushuru wa kinga ni ruhusa ya dharura. Bidhaa za nje zikifurika ghafla na wakulima wa ndani wakaumia vibaya, nchi inaruhusiwa kupandisha ushuru kupita kiwango cha juu ilichokiahidi Geneva, kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO). Haimtuhumu mtu. Anayekuuzia kwa bei ya kutupa ana kesi yake nyingine, na anayebebwa na ruzuku ya serikali yake ana yake pia. Kwenye kinga muuzaji hana kosa lolote, na kwa kuwa hana kosa, Mkataba wa Hatua za Kinga umempa haki nyingi ajabu. Uchunguzi unatangazwa hadharani, muuzaji anaitwa aseme lake. Wanachama wa shirika hilo wanaarifiwa na kuitwa kwenye mashauriano. Ushuru haukai zaidi ya miaka minne, ukirefushwa isizidi minane (nchi inayoendelea inaongezewa miwili), na ukipita mwaka mmoja ni lazima uanze kulegezwa hatua kwa hatua. Aliyeumizwa anaweza kudai fidia.

Kinga inaweza pia kuja kwa sura ya ukomo wa kiasi, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mkataba unasema ukomo wa aina hiyo usishuke chini ya wastani wa miaka mitatu ya karibuni, labda pawe na sababu iliyo wazi kabisa. Kabla ya 2017 India ilikuwa ikiagiza mbaazi zaidi ya tani laki nne kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe uone kama tani 200,000 zinaingia hapo.

Halafu kuna mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Kinga inapigwa kwa wote bila kuchagua. Asiyeguswa ni nchi inayoendelea ambayo sehemu yake ya soko haizidi asilimia 3, tena nchi hizo ndogo zikijumlishwa pamoja zisizidi asilimia 9. (Msifurahi. Kwa mbaazi Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa India, tusingepona kwa mlango huo.) Sasa, Julai 2016 India ilikuwa imetiliana saini na Msumbiji makubaliano ya kununua tani 100,000, zipande hadi 200,000 ndani ya miaka mitano. Ukomo wa Agosti ulipotangazwa, fungu la Msumbiji halikuguswa. Kwa hiyo mbaazi ileile, mbegu ileile, mvua ileile: ya ng'ambo ya mto ina mlango, ya Nanyumbu inaoza ndani. Kama ile ingekuwa kinga, ubaguzi huo peke yake ungetosha kuwa hoja ya kwanza kwenye barua ya malalamiko. Ukiiita "ushuru wa kinga" unakuwa umeisafisha, umeipa jina la hatua halali yenye utaratibu na mwisho wake. Ukomo wa kiasi wa namna ile Kifungu cha 11 cha GATT, mkataba mama wa biashara ya bidhaa, kinaukataza, na Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Kilimo kinaongeza kufuli la pili.

"Na sisi tuwapige." Tuwapige kwenye nini? Kinga huwekwa kwenye bidhaa inayoingia, na sisi huku kusini tunatoa: korosho, ufuta, mbaazi. Hakuna meli inayoshusha ufuta wa Gujarat bandarini Mtwara. Na hata kwa mchele, ambao kweli unaingia nchini, hatuhitaji kinga. Kiwango cha juu cha ushuru tulichoahidi Geneva kwa mazao ya kilimo ni asilimia 120. Mchele kwenye ratiba ya pamoja ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki uko asilimia 75, au dola 345 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Kati ya 75 na 120 kuna nafasi tele, na kuitumia hakuhitaji uchunguzi wala kuthibitisha kwamba mkulima ameumia. Anayetubana si Geneva, ni majirani zetu, ambao lazima tukubaliane nao kabla ya kugusa ratiba. Nimewahi kulisema hili mbele ya mheshimiwa mmoja akaandika vizuri kwenye daftari, kisha akapanda jukwaani kutangaza kwamba "WTO inatufunga mikono".

Ile kinga maalumu ya kilimo, isiyodai uthibitisho wa madhara, niipitie haraka maana haituhusu. Ni ya nchi zilizogeuza vizuizi vyao kuwa ushuru kwenye mazungumzo ya Uruguay, yale yaliyoizaa WTO, na kuweka alama mbele ya kila zao walilotaka kulikinga. Afrika Kusini na Morocco wanayo, sisi hatuna. Kinga mpya ya aina hiyo, iliyodaiwa na nchi zinazoendelea, ilisaidia kuvunja mazungumzo ya Geneva Julai 2008, ikaahidiwa tena Nairobi 2015, na hadi leo ni ahadi. Samaki wa Kilwa na chumvi ya Lindi wala si mazao ya kilimo kwa Mkataba wa Kilimo, hata kama sisi tunasema mashamba ya chumvi.

Sasa nikiri yanayonisumbua. Sheria inadai uthibitishe kwamba madhara yametokana na bidhaa za nje, si na sababu nyingine. India baada ya ukame wa 2015 iliwahimiza wakulima wake wapande mikunde, wakaitikia, na msimu wa 2016/17 wakavuna kiasi ambacho hawakuwahi kukifikia. Bei yao ilishushwa na mbaazi zetu au na zao wenyewe? Vitabu vinasema "tenganisha sababu". Nimesoma hukumu kadhaa na sijaona mizani inayopima hilo. Naona mawakili wakibishana kwa grafu.

La pili ni baya zaidi. Hata India ingefuata njia ya kinga neno kwa neno, sina hakika bei ya Nachingwea ingenusurika. Mnunuzi hasubiri hukumu. Akisikia uchunguzi umefunguliwa tu, anafunga mzani na kuondoka. Tofauti ni kwamba tungesikia miezi kadhaa mapema, pengine kabla ya palizi ya pili, si mbaazi zikiwa uwanjani.

Hilo la mwisho ndilo mzee alilolielewa haraka kuliko yote. Akaniuliza tangazo la uchunguzi hutolewa wapi. Nikamwambia hupelekwa Geneva, kwenye kamati ya kinga, na liko wazi kwa kila mtu, ila chama cha msingi hakiwezi kujibu kwa niaba ya nchi. Anayekwenda kwenye mashauriano ni serikali. Akaguna. Akaniambia magunia yake kumi na moja ya mwaka ule alikula mbaazi za nazi mpaka wajukuu wakagoma, na yaliyobaki, bungua walipoanza kutoboa, akampa jirani mwenye kuku.