Mtoto Asiyeonekana Kwenye Video ya "Spring Day"

Mstari wa kwanza wa "Spring Day", wimbo wa BTS, kundi la vijana saba wa Korea Kusini, una maneno mawili tu, bogo sipda, nami nimeutafsiri na kuufuta mara nyingi kuliko mstari mwingine wowote niliowahi kuushika. Ukiufuata neno kwa neno ni "nataka kuona". Mkorea akimwambia hivyo mtu aliye mbali, anasema kile tunachosema sisi kwa "nimekukumbuka" au "nina hamu nawe". Tafsiri hizo mbili ni sahihi, na zote mbili zinalitoa jicho ndani ya wimbo. Kitenzi chenyewe ni boda, kuona. Kigeuze kiwe nomino upate bom, na bom hilohilo, kwa sikio la Mkorea, ni majira ya machipuko. Jina la Kikorea la wimbo ni Bomnal. Maana yake ni siku ya machipuko, lakini chini yake inasikika siku ya kuona.

Nimeanzia kwenye lugha kwa sababu ndiyo kazi yangu: natafsiri kutoka Kikorea, hasa yale maneno yanayopita chini ya filamu na tamthilia. Lakini pia ni kwa sababu video ya wimbo huu imejengwa juu ya kitenzi hichohicho. Kila kilichomo kinamhusu mtu anayetakiwa kuonekana, na mtu huyo haonekani hata mara moja.

Kila ikikaribia Aprili naletewa maswali kuhusu video hii. Wengi wanataka orodha: viatu ni nini, treni ni nini, lile rundo la nguo ni nini. Orodha za aina hiyo zimejaa mtandaoni, na baadhi zimeandikwa kwa bidii kubwa. Shida ni kwamba ishara ikishapewa maana moja ikafungwa, inakuwa kama kitendawili kilichotajwa jibu kabla hakijategwa. Mimi nauliza hivi: vitu hivi vyote vinamzunguka nani?

Kwanza niondoe jambo dogo linalowapotosha wasomaji wa huku kwetu. Kuna mahali wimbo unasema majira ya baridi yanakuja hata mwezi wa Agosti. Kwa mtu wa Tanzania au Kenya mstari huo unapita bila kugonga popote, maana Agosti kwetu ni kipupwe, watu wanavaa masweta Mbeya na Limuru. Korea Agosti ni kilele cha joto, jasho linatoka mtu akiwa amekaa tu. Baridi inayokuja Agosti ni baridi isiyostahili kuwepo, imemkalia mtu moyoni wakati wenzake wote wanatafuta kivuli. Vivyo hivyo wanaoliita Bomnal "siku ya masika" wanatuletea mvua ambayo Wakorea hawakuiita. Pale kinachosubiriwa ni barafu kuyeyuka.

Video ilitoka tarehe 13 Februari 2017, pamoja na albamu ya BTS iitwayo You Never Walk Alone. Inafunguka kwenye theluji, V, mmoja wa wanakundi, akiwa peke yake stesheni. Stesheni ile ni Iryeong, katika mji wa Yangju, kaskazini ya Seoul, na wakati video inapigwa, treni za abiria zilikuwa hazijapita pale tangu 2004. V anainama na kulaza sikio kwenye reli, asikilize kama kuna treni inayokuja. Tazama vizuri picha hiyo: kijana anangoja kwenye stesheni iliyokufa, na hana cha kukifikia kilicho mbali isipokuwa chuma kile kinachobeba mtetemo.

Kisha tunaonyeshwa moteli. Juu yake kuna taa za neoni zenye jina Omelas, na maneno yanayosema vyumba vimejaa. Ndani vijana wanacheka, wanarushiana chakula, kuna keki. Mtu asiyelijua jina hilo ataona karamu tu. Omelas ni mji katika hadithi fupi ya mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin ya mwaka 1973. Ni mji wenye raha kamili, sherehe, muziki, watu wenye afya. Lakini raha yote hiyo inategemea mtoto mmoja aliyefungiwa chumba cha chini ya jengo, gizani, mchafu, mwenye njaa. Wakazi wote wanajua yupo. Wakimtoa, raha ya mji inaisha siku hiyohiyo. Wengi wanaishi na jambo hilo. Wachache, baada ya kumwona, wanaondoka mjini wala hawarudi.

Rudi sasa kwenye treni. RM amekaa kwenye behewa anatazama nje, na wimbo wenyewe unaitaja treni hiyo kwa jina: seolguk yeolcha, jina la Kikorea la filamu ya Bong Joon-ho ya mwaka 2013, Snowpiercer. Dunia imeganda, binadamu waliobaki wamo ndani ya treni isiyosimama, matajiri mbele na mafukara nyuma. Wengi wakiitaja filamu hii wanaishia hapo, kwenye matabaka. Wanasahau kinachogunduliwa mwishoni kabisa, ndani ya injini. Vipuri vya injini vimekwisha, na chini ya sakafu amewekwa mtoto mdogo anayefanya kazi ya kipuri kwa mikono yake.

Haya, weka kazi hizi mbili pamoja. Mtengenezaji wa video angeweza kuazima hadithi yoyote ya treni na jina lolote la moteli. Akachukua mbili ambazo siri yao ni moja: raha ya juu inaendeshwa na mtoto aliyefichwa chini. Siamini kwamba hiyo ni bahati mbaya. Na mtoto mwenyewe ndiye kitu pekee ambacho video haikuazima. Chumba cha chini hakionyeshwi, sakafu ya treni haifunuliwi. Umeachiwa majina mawili yanayomnyooshea kidole, na pengo katikati.

Mkorea wa Februari 2017 hakuhitaji kuambiwa ni watoto gani. Asubuhi ya tarehe 16 Aprili 2014 kivuko cha Sewol, kilichotoka Incheon kwenda kisiwa cha Jeju, kilipinduka karibu na kisiwa cha Jindo kikiwa na watu 476. Watu 304 walikufa. Kati yao 250 walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Danwon, mjini Ansan, waliokuwa kwenye ziara ya shule. Vipaza sauti viliwaambia watulie walipo. Walitulia, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kuwasikiliza wakubwa, na nahodha akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuokolewa. Maneno yale ya "tulia hapohapo" yaligeuka baadaye kuwa kauli ya waandamanaji.

Mimi nimekulia Mwanza. Kwetu tarehe 21 Mei haipiti kimya, kwa sababu ya MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, na kuna mtu wa familia yangu aliyelala makaburi ya Igoma. Kwa hiyo nilipoiona video hii mara ya kwanza sikuhitaji maelezo marefu kuhusu hali ya familia ambayo mtu wao yuko majini. Nasema hivi ili msomaji ajue ninasimama wapi ninapoisoma.

Mkumbuke Jungkook kwenye video. Anasimama mbele ya ile bembea kubwa ya kuzunguka yenye farasi, ambayo juu yake yameandikwa maneno ya jina la albamu, na tepe za njano zimefungwa hapo. Utepe wa njano ndio alama ya Korea nzima ya kuwakumbuka watu wa Sewol. Wachambuzi wengi wanauona. Ambalo sijaona likisemwa vya kutosha ni nani aliyewekwa pale. Jungkook alizaliwa tarehe 1 Septemba 1997, na wanafunzi wale wa Danwon wengi wao ni wa mwaka huohuo wa 1997. Ndiye pekee katika kundi ambaye, kama angesoma shule ile, angekuwa darasa lao.

Je, BTS wamesema wazi kwamba video ni ya Sewol? Hawakusema hivyo ilipotoka. Mwezi mmoja kabla, Januari 2017, wao na kampuni yao walizipa familia za waathirika won milioni 100. Mwaka 2020 walipoulizwa na jarida la Esquire, Jin alikubali kwamba wimbo unahusu tukio la huzuni, akaongeza kwamba unahusu pia hamu. Ukiusikiliza juujuu, ni wimbo wa rafiki aliyepotea kwa umri na umbali, na maana hiyo nayo ni ya kweli. Sioni sababu ya kuiua moja ili nyingine iishi.

Kwa nini kufumba, basi? Tazama kalenda. Mwishoni mwa 2016 ilifichuka kwamba serikali ya Rais Park Geun-hye ilikuwa na orodha ya wasanii wa kunyimwa msaada, zaidi ya majina 9,000, na baadhi waliingizwa humo kwa kutia saini matamko kuhusu Sewol. Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Desemba 2016, na mahakama ya katiba ikathibitisha tarehe 10 Machi 2017. "Spring Day" iliingia katikati ya tarehe hizo mbili. Sisi wa lugha ya khanga na taarabu hatuhitaji kufundishwa jinsi neno linavyosemwa hadharani, mbele ya kila mtu, na mlengwa akalijua peke yake.

Sasa zile nguo. Kuna mlima wa nguo zilizovaliwa, na Suga amekaa juu yake. Jicho la Afrika Mashariki linaona mitumba ya Karume au Gikomba, nami niliona hivyohivyo. Lakini hapa hakuna muuzaji wala mteja, hakuna anayezikung'uta wala kuzipanga. Msanii wa Ufaransa Christian Boltanski alirundika nguo kuukuu namna hii kwenye maonyesho yake ya mwaka 2010 huko Paris na New York, akisimamisha vazi tupu badala ya mwili usiokuwepo. Video inamfuata karibu hatua kwa hatua. Humo humo mna chumba cha mashine za kufulia, na Jimin amekaa humo. Nguo inafuliwa ili ivaliwe tena. Aliyefiwa anajua kwamba shati la marehemu ndilo kitu kigumu kuliko vyote kulitia majini, kwa sababu ukilifua umeondoa harufu.

Viatu navyo viko kwa Jimin. Anavishika akiwa ufukweni, anatazama bahari. Katika bandari ya Paengmok, kule Jindo, wazazi waliokuwa wakingoja waliwaachia watoto wao viatu gatini, wavikute wakirudi. Sidhani kama naweza kuongeza kitu hapo.

Sehemu inayonirudisha kwenye video hii ni mwisho wake. Omelas inatoa jibu moja kwa mtu aliyemwona yule mtoto: ondoka. Lakini Le Guin anasisitiza kwamba kila mmoja anaondoka peke yake, kimya, na mtoto anabaki kule chini. Filamu ya Bong inatoa jibu jingine: treni yenyewe inaanguka, na wanaotoka hai kukanyaga theluji ni vijana wawili, mmoja wao ni yule mdogo aliyetolewa kwenye injini. Video inachukua mlango wa kwanza na theluji ya pili, kisha inabadilisha idadi. Wote saba wanashuka treni pamoja na kutembea uwanda ulio wazi hadi kwenye mti mmoja. Soma tena maneno yaliyokuwa juu ya bembea: hutembei peke yako kamwe. Kwangu mimi hayo ni majibu kwa Le Guin, yameandikwa kwa herufi kubwa mahali ambapo kila mtu aliyaona na kudhani ni tangazo la albamu. Na hawaondoki wakimwacha mtoto. Wanabeba viatu vyake. Vinaishia vimening'inia kwenye ule mti.

Kuna mstari mwingine ulionichukua muda. Kwenye kiitikio mwimbaji anaahidi kwamba baada ya kukesha siku chache zaidi, derireo galge. Kikorea kinatofautisha hapa. Mtu mzima unayemheshimu haendewi kwa kitenzi hicho, kuna kingine cha adabu. Derireo gada ni kumwendea mtu wa rika lako, au mdogo wako, umlete: ndilo neno la mzazi anayekwenda kumchukua mtoto shuleni. Siku wimbo unatoka, Sewol ilikuwa bado chini ya bahari, na watu tisa walikuwa hawajapatikana. Iliinuliwa juu ya maji tarehe 23 Machi, wiki tano na siku chache baadaye.

Tafsiri niliyoikuta mtandaoni ilisema "nitakuja kukutana nawe". Nimeifuta. Nimeandika "nitakuja kukuchukua", na bogo sipda ya mwanzo nimeirudisha kwenye jicho: "natamani kukuona".